Kisu cha Mbao

Dada yangu mpenzi,

Watoto hawajambo, na paa halivuji tena. Shemeji yako bado anaigiza yule mume anayemchoma mkewe kisu. Huyo "mke" hufia mapajani mwake, naye humlilia machozi ya kweli. Tulipomzika mama, jicho lake lilikuwa kavu!

Unajua mimi ndiye mtunza vifaa vya jukwaani. Juzijuzi nilikificha kisu makusudi, waumbuke. Kumbe! Alipokikosa mezani, alimkaba shingo kwa mikono, taratibu, uso kwa uso. Ukumbi mzima ulisimama ukishangilia. Mwongozaji akasema, "Kisu basi. Kila siku iwe hivihivi."

Nimekirudisha mezani mara tatu, dada. Hakigusi.

Ni mimi mdogo wako, mzima wa mwili tu.