Tumbili Hawakukimbia Tena

4 Machi

Mwanangu,
Hujambo? Sisi wazima, ila goti la mama yako linamsumbua. Vichupa ulivyotuma nimevipata. Miaka thelathini nimelinda msitu, leo nimestaafu naokota mavi ya tumbili. Mama yako amecheka hadi machozi. Vichupa vyenye alama nyekundu ni vya kundi la kando ya barabara mpya, nyeusi ni vya la ndani ya msitu. Katapila likinguruma, tumbili wa barabarani hukumbatia watoto wao hadi wanalia. Pima, uwaambie wakubwa.
Baba yako

19 Machi

Shikamoo baba,
Mpe mama pole. Nimepima. Wa barabarani wana homoni za msongo mara tatu ya wa ndani. Ndizo mwili unazotoa ukishtuka. Zikikaa juu muda mrefu, mimba hutoka na vidonda haviponi. Endelea kutuma.
Mwanao

11 Julai

Mwanangu,
Salamu zako zimefika, nasi hatujambo. Umesema kwenye simu vipimo vimeshuka. Basi wamezoea?
Baba yako

20 Julai

Shikamoo baba,
Hawajazoea. Tezi zinazotoa homoni hizo zimechoka, hazitoi tena. Hao ni wagonjwa.
Mwanao

20 Septemba

Mwanangu,
Natumaini u mzima. Jana wamebandika tangazo: barabara ya pili itapita katikati ya msitu, kwa kuwa “utafiti umeonyesha wanyama wamezoea.” Nimesoma sahihi mara mbili. Ni yako. Majirani wananipa hongera.
Asubuhi nilikuta tumbili jike ameketi njiani. Hakukimbia. Nikamshika mkono, akanitazama tu. Saa nne alikuwa amekufa.
Mimi uliniambia ni wagonjwa. Nani mwingine ulimwambia?
Baba

28 Septemba

Shikamoo baba,
Bosi aliondoa ukurasa wa maelezo kwenye ripoti yangu, akabakiza namba. Akasema, “Weka sahihi. Mkataba wako unaisha Ijumaa.” Niliisoma ripoti yote kabla ya kusaini. Sikudanganywa. Jana nimeupeleka ukurasa ule kwa waliotoa kibali cha barabara. Wakaniuliza mbona nilisaini.
Nijibu hata neno moja.
Mwanao

30 Novemba

Shikamoo baba,
Hii ni barua ya nne bila jibu. Mama ameniambia makatapila yaliingia msituni Jumatatu, na kwamba barua zangu unazisoma mlangoni, umesimama, kisha unatoka.
Nimeacha kazi. Sijui kama itakupa nafuu, mimi haijanipa. Jumamosi nakuja kwa basi la asubuhi. Usipotaka kunifungulia, nitakaa hapo nje.
Mwanao