Mafuta Yasiyo Yangu

Jumanne, 6 Mei

Kliniki leo. Mwanangu Mutie alilazwa kwenye ule ubao wa kupimia urefu, akalia mpaka nikaona aibu. Nesi akasema ana miezi tisa lakini urefu ni wa mtoto wa miezi mitano. Amedumaa. Neno baya hilo! Sijamwambia Nzioka, baba yake, bado.

Hakunigombeza. Uji uwe na njugu, yai lisikose, na juu ya chakula — mikono. Baada ya kuoga nipashe viganja joto, nimpake mafuta, nimkande. Mikono yake kwanza, niipishanishe kifuani. Kisha tumbo. Miguu mwisho, kama anaendesha baiskeli. Nimwangalie machoni, niongee naye. Kushikwa kunamsaidia mtoto kukua, akasema.

Kumbe kumshika mtoto ni kitu cha kufundishwa? Lakini kweli, namshika saa ngapi? Asubuhi namwacha hapa Kabiria kwa Mama Sifuna, anayetulelea watoto. Naenda Kileleshwa kumlea Talia, mtoto wa mwajiri wangu, Madam Beryl. Nikirudi wangu ana usingizi.

Atakua. Najua atakua.

Jumatano, 14 Mei

Kuna harufu. Nimemfungua leso jioni nikaisikia shingoni — kama kitu kimekaangwa, karanga si karanga. Mimi nampaka mafuta ya mgando, hayanuki kitu.

Nani amempaka mwanangu?

Alhamisi, 15 Mei

Nimemuuliza Mama Sifuna. Amejibu huku anakunja nepi, macho kwenye nepi. Ati watoto ndio hunuka hivyo wakilala pamoja.

Mimi kazi yangu ni watoto. Hawanuki hivyo.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya kanisa nimemkanda. Nikashika mkono — akauchomoa. Akainua miguu! Yote miwili, akaishikilia hewani, akaningoja. Mimi huanza na mikono. Nani huanza na miguu?

Nzioka amecheka, ati huyu atakuwa winga. Everlyn hakucheka. Huyu ni jirani wa mlango wa pili, alimtoa msichana wake kwa Mama Sifuna mwezi uliopita na hakusema kwa nini. Leo tukianika nguo ndipo akasema. Mle ndani kuna mwanamke mzee wa jicho jeupe. Wazazi wakija hufichwa chumba cha nyuma.

"Mama Mutie, mtoto hakui na bado unajiuliza? Kuna jicho likimwangalia mtoto, anasimama hapo hapo."

Mimi nimeokoka, siamini hayo. Naamini kidogo.

Jumanne, 20 Mei

Talia pia namkanda siku hizi, mchana akishaoga. Hakuna aliyenituma. Mikono inataka kuzoea, na yeye ndiye yuko. Wakati mwingine nafunga macho najifanya ni Mutie.

Madam amerudi jioni akamchukua. Talia akanyoosha mikono miwili, akaipishanisha kifuani, akangoja. Madam akamnusa kichwa. Akaniangalia.

"Mbithe, hii amefundishwa na nani?"

Nikasema watoto ndio hufanya hivyo. Nilikuwa nakunja nguo zake. Sikuinua macho.

Ijumaa, 23 Mei

Madam amenirudisha mapema, ati leo atakaa na mtoto mwenyewe. Alisema kwa adabu, lakini mlango ulifungwa kabla sijavaa kiatu cha pili.

Mvua njia yote. Kwa Mama Sifuna geti ilikuwa wazi. Sikubisha — makusudi. Nikasogeza pazia.

Mwanamke mzee, kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Jicho moja jeupe kama maziwa, la pili linaangalia ukuta tu. Mutie kalala mapajani mwake, uchi, anang'aa. Anamkanda nyayo kwa kidole gumba, pole pole, anaimba kwa lugha ya kwao. Na Mutie anacheka! Mimi hunipa tabasamu. Hiki kilikuwa kicheko cha tumboni. Sijawahi kupewa.

Nilimnyakua. Akalia — akimlilia yeye.

Mama Sifuna akatoka jikoni mbio. Akasema ni mamake, Kukhu Peres, bibi kwa lugha yao, ameletwa kutoka Bungoma kutibiwa macho. Mafuta ni ya simsim, yaani ufuta, kwao kila mtoto hukandwa hivyo. Alimficha kwa sababu Everlyn alimwona mara moja tu akamtoa mtoto, na wengine wakisikia watawatoa wote. Nikamwambia alinidanganya usoni. Akasema ndiyo.

Bibi hakujitetea. Mikono yake ilikuwa bado mbele yake, imeshika hewa, upana ule ule wa Mutie.

"Mama," akaniuliza, "utamrudisha?"

Ndani yangu nilisema kamwe.

Jumatano, 28 Mei

Mchana Mutie yuko kwa Everlyn. Hanuki kitu. Nikimkanda jioni anatoa miguu, nasema hapana, mikono kwanza. Tunashindana mpaka analia.

Madam anafanyia kazi nyumbani wiki hii. Mimi nipike na nifue. Talia nisimguse. Nikipita na beseni ananyoosha mikono. Napita.

Jumanne, 3 Juni

Ubao tena. Leo hakulia. Alijinyoosha mwenyewe, nesi hakuhitaji kumbana magoti. Ameongezeka! Kidogo, lakini mstari kwenye kitabu chake umeanza kupanda. Nesi alifurahi kuliko mimi. Ni mikono yako hiyo, mama, endelea hivyo hivyo. Akauliza kama kuna mwingine nyumbani anayemshika.

Nikasema ni mimi tu. Neno limetoka haraka hivyo.

Nilikuwa naenda nyumbani. Sasa nimekaa kwenye jiwe mbele ya geti ya Mama Sifuna, Mutie mgongoni, naandikia gotini. Madam ametuma ujumbe. Talia halali mchana, anasukuma mikono ya kila mtu. "Ni nini huwa unamfanyia mtoto wangu?" Nimeusoma tena na tena. Sijajibu.

Ndani kuna mtu anaimba. Mutie ametega sikio, kisha nyayo zake zimeanza kunisukuma kiunoni. Zote mbili.

Geti haijafungwa. Viganja vyangu ni baridi. Ngoja kwanza nivipashe joto, ndipo niingie —