Beti mbili za mwanzo

Kindu, Jumamosi jioni

Bado nina hasira kidogo, lakini zile beti mbili nimezifuta.

Leo, baada ya salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, sisi watunzi watano tulikutana kwa Mama Zaina kusomeana mashairi, kama kawaida. Nilisoma la marehemu mama, nitakalolisoma kesho kwenye arobaini yake. Mama Zaina alifuta macho. Citoyen Lutala, karani wa reli, aliangalia chini tu.

"Dada Mwamini, beti mbili za mwanzo haiko yako," akasema. "Ni maneno ya kila kilio. Mama yako anaingia pale anapopepeta muchele na kuimba. Anzia pale."

Nikamwambia hakumjua mama.

"Njo maana. Nataka kumujua."

Njia nzima nilimchukia.

Nyumbani nilimsomea mdogo wangu Asha shairi bila beti zile. Akaacha kupika. "Njo yeye," akasema. "Njo mama kabisa." Akaniomba nisome tena.

Basi, hapo Lutala amenishinda. Lakini alitaka nitoe na ubeti wa mwisho, mama anaponigombeza kwa kuunguza sombe, mboga ya majani ya muhogo, eti utachekesha watu kwenye arobaini. Huo hautoki. Wacheke. Mama mwenyewe alichekesha watu mpaka wiki yake ya mwisho.

Naogopa sauti itakatika mbele ya wajomba. Ikikatika, nitakunywa maji, niendelee. Shairi ni zuri. Sihitaji tena mtu wa kuniambia.