Nyumba ya Borghild kwenye Maili ya Saba

Skogen, North Dakota,
14 Oktoba 2003.

Mpendwa kaka Halvor,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Alaska? Sisi hatujambo. Mimi nimezidi kunenepa tu, mke wangu Karen anasema ni afya, lakini anacheka akisema.

Nilikuambia tunaiombea barabara yetu ya bondeni itambuliwe na jimbo kuwa barabara ya mandhari ya kuvutia wageni. Ukatibu wa kamati walinipa kwa sababu siku ya kuchagua sikwenda mkutanoni. Basi mwezi uliopita nikampitisha mkaguzi wa jimbo, maili baada ya maili, akitoa alama: kizuri kinaongeza, kibaya kinapunguza.

Tulipokaribia nyumba yako nikamwomba radhi mapema. Kumbe! Bwana yule alishuka garini akapiga picha mpaka nikachoka kusimama. Paa lililobonyea, pazia linalopepea kwenye dirisha la juu: kumi kwa kumi. Maili ya saba ikazishinda zote.

Nami nilikuwa nimekuahidi kwamba zimamoto wetu wa kujitolea wataichoma wakifanya mazoezi, ili nyumba aliyougulia mkeo Borghild majira matatu ya baridi isiwe inaporomoka mbele ya wapita njia.

Kwenye kamati, Dagny wa dukani alinijia juu.

"We Arvid, ni mjinga kweli au unajifanya? Mji umebaki na watu themanini, halafu unachoma kitu pekee wanachokipenda wageni!"

"Lile pazia alilishona shemeji yangu, Dagny."

"Najua. Alilishona kwa cherehani yangu." Kisha akaniuliza tutaichoma lini.

Tuliichoma Jumamosi asubuhi, upepo ukiwa umetulia. Dagny alileta kahawa, akasimama nasi hadi paa lilipoanguka. Mimi nilishika mpira wa maji, nikajimwagia mwenyewe, na safari hii hakuna aliyenicheka.

Jana nimemwandikia mkaguzi aifute ile kumi. Huenda ile hadhi ya barabara tukaikosa.

Karen anakusalimu sana, na mjomba Ingvald anauliza kama bado unavua samaki. Mungu akutunze, akupe usingizi mzuri.

Kaka, pale sasa ni majani tu. Magari yanapita bila kupunguza mwendo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima,
Arvid