Jedwali la Machi na Shamba Namba 47

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo cha polisi, wilaya ya Kilosa, tarehe 11/06/2025, kuanzia saa 8:20 mchana.

Jina: Editha Ditram Mbena. Umri: miaka 29. Dini: Mkristo. Kazi: karani wa takwimu, Chama cha Wamwagiliaji Tumaini Jema. Makazi: Rudewa.

Mimi niliyetajwa hapo juu, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa, naeleza kama ifuatavyo.

Mnamo tarehe 18/03/2025, saa 3:10 asubuhi, nikiwa ofisini Rudewa, nilitayarisha orodha ya kusoma kwenye mkutano wa wanachama. Majina ya mashamba yetu yote yako kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu ndani ya kompyuta, katika jedwali kuu liitwalo mashamba. Sina kawaida ya kusoma kutoka jedwali kuu, kwa sababu watu huja kubishana na mimi hurekebisha papo hapo, orodha ikabadilika katikati ya mkutano. Kwa hiyo kabla ya kila mkutano naandika hoja, yaani swali kwa kanzidata, na matokeo ya hoja hiyo nayafanya jedwali jipya. Siku hiyo niliandika hivi, pamoja na saa ya kuundwa kwake:

CREATE TABLE orodha_machi AS SELECT namba, mwenye_shamba, now() AS iliundwa FROM mashamba;

Katibu wetu, Hezekia Petro, alikuwa nyuma yangu. Alicheka, akasema, "Editha, utaijaza hiyo kompyuta majedwali mpaka ipasuke." Nilimwambia aniache na kazi yangu. Nenosiri la kanzidata tunalijua sisi wawili tu.

Mwezi Aprili mafuriko yaliingia ofisini na daftari letu la karatasi likaoza lote. Tukabaki na kompyuta.

Leo tarehe 11/06/2025, saa 2:30 asubuhi, nilikuwa Mikumi kwenye semina ya makarani. Nilipigiwa simu na Bi. Hildegarda Kasian, mjane wa miaka 63, mwenye shamba namba 47. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba mwanangu. Niko polisi. Kompyuta yako inasema mimi ni mvamizi."

Nilikasirika mno. Shamba lile amelilima miaka thelathini, hana lingine, na mimi mwenyewe ndiye niliyeliingiza kwenye kompyuta kwa jina lake. Nilichukua laptop, nikapanda gari la Kilosa saa 3:15, nikafika kituoni saa 5:40.

Niliwakuta Hezekia na Sajini Angela. Hezekia alikuwa amelalamika kwamba Bi. Hildegarda ameingia kwa jinai kwenye shamba lake, na ameleta karatasi aliyochapisha jana. Namba 47, Hezekia Petro. Nilifungua jedwali kuu na kweli ndivyo lilivyosomeka. Nilifungua na mwonekano, ule ukurasa wa kusomea tunaoutumia ofisini, nao ukasoma Hezekia. Sijawahi kuonea haya kazi yangu kama dakika ile.

Ndipo nikafungua orodha_machi. Namba 47, Hildegarda Kasian. Iliundwa 18/03/2025, saa 3:10 asubuhi.

Sajini aliniuliza kwa nini majibu ni mawili. Nilimweleza kwamba mwonekano ni kama dirisha. Ukibadilisha kilichomo ndani ya nyumba, dirishani kitaonekana kilichobadilika. Lakini jedwali lililoundwa kutokana na matokeo ya hoja linabeba nakala yake lenyewe. Tangu siku ile halifuatani tena na jedwali kuu, hata hilo kuu likiguswa mara mia.

Kabla sijamaliza, Hezekia alidakia, "Afande, binti huyu anadanganya! Lingekuwa la kweli lingeshabadilika. Mimi nilipobadilisha lile kubwa, nilichungulia kwenye mwonekano, jina likawa limegeuka palepale. Haya mengine yote yanafuata!"

Sajini aliweka kalamu mezani. Akauliza kwa upole, "Ulibadilisha lini, katibu?"

Hezekia akasema, "Jumatatu."

Miezi yote hiyo alikuwa anayacheka majedwali yangu bila kujua yanafanya nini. Alikuwa na uwezo wa kulifuta lile la Machi kwa mstari mmoja, na hakulifuta kwa sababu aliamini limeshamfuata. Nilifurahi, sitaficha. Bi. Hildegarda alipiga kigelegele humo humo kituoni na askari wa kaunta akamjibu kwa makofi.

Mbele ya Sajini nilirudisha jina la Bi. Hildegarda kwenye jedwali kuu kutoka orodha_machi, kisha nikabadilisha nenosiri.

Hayo ndiyo niliyoyafanya na kuyashuhudia. Nimesomewa, ni ya kweli, na nimeweka sahihi kwa mkono wangu.

(Sahihi) E. D. Mbena

Maelezo ya ofisa: Yameandikwa nami, Sajini Angela. Shahidi ameyathibitisha. Mlalamikaji Hezekia Petro sasa ni mtuhumiwa na yuko mahabusu. Bi. Hildegarda ameachiliwa saa 9:05 alasiri na kukabidhiwa jembe lake lililoshikwa kama kielelezo. Alipoambiwa apumzike kwanza kwenye benchi, amekataa. Amesema jua bado lipo na shamba ni lake.