Mtu Arukaye na Mkono wa Mghanga

Chaani, Changamwe

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Nataraji goti lako limepoa na mvua imewafikia huko Taita. Sisi wanao wawili tu wazima, isipokuwa mkono mmoja. Nasikia umeambiwa mdogo wangu Mghanga amekatwa mkono. Hakukatwa. Ulivunjika, na ilivyokuwa ni hivi.

Tangu vita viishe, gari la sinema huja hapa na kutundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala. Mara ya mwisho walionyesha mtu arukaye angani bila mabawa. Alisimamisha lori kwa kiganja, na nyayo zake hazikuteleza hata kidogo. Wachukuzi wa ghalani, ambao kutwa husukuma mikokoteni, walicheka. Mmoja akasema lori lile lina breki nzuri. Kisha mwanamke akaanguka kutoka ghorofani, na yule mtu akamdaka karibu na ardhi, mikono imenyooka. Mwanamke akatabasamu, nywele hazikutimka. Hapo akacheka nyapara wa wachukuzi peke yake, Mzee Kombo wa Jomvu Kuu. Alisema mama yule angevunjika mgongo palepale, maana mikono isiyolegea ni sawa na sakafu.

Ghalani gunia likitoka juu halidakwi. Hupokewa begani, magoti yamekunjwa, na mtu hushuka nalo kwanza ndipo ainuke. Mghanga alikuwa mgeni wa kazi. Kesho yake gunia la kahawa likaponyoka juu ya rundo, naye akalinyooshea mikono kama alivyoona. Mfupa wa mkono wa kulia ukavunjika.

Nilimkuta amekaa chini, bado anabishana. "Mbona yule wa picha hakuvunjika?"

"Yule kadaka mwanamke wa kwenye shuka," Mzee Kombo akamjibu. "Wewe umedaka kahawa, baba."

Hospitali walimfunga plasta. Tulichohofia zaidi ni kazi, maana kibarua asiyeweza kubeba hana nafasi, na ingembidi arudi nyumbani.

Juma lililopita plasta ilitolewa, tukaenda wote ghalani. Mzee Kombo alikuwa akila machungwa. Alimrushia moja, juu sana. Mghanga akalipokea kwa mkono wa kulia, na mkono ukashuka nalo taratibu hadi pajani.

"Jumatatu uje ushone magunia," mzee akasema. "Kubeba tutaona."

Nisalimie shangazi anayekuchotea maji, na mjomba mwalimu wa kanisani ambaye najua ndiye anayekusomea haya. Na yule jirani aliyeshuka garimoshi na habari ya kukatwa, msalimie pia. Mwambie mkono upo, na ndio utakaoandika jina la pili hapa chini.

Wanao wakupendao,

Mwakio

Mghanga