Mjane wa Kwenye Kanda Hakuua Mtu

Kwako mshauri wetu mpendwa, Bi Yuster, naomba msaada wako, na ninauomba haraka, kwa sababu daktari ameshaniambia, "Mzee, sasa kula chochote unachokipenda," na mimi nimesoma vya kutosha kujua kwamba daktari akiruhusu kila kitu basi hana tena cha kukataza. Nina miaka themanini na minne, moyo umechoka, miguu inanifikisha chooni na kunirudisha, lakini akili ipo yote, nayo ndiyo inayonisumbua, maana kwa wiki tatu sasa nacheka peke yangu kitandani mpaka pumzi inakatika, binti yangu Claudia anadhani ni dawa, na wala si dawa, ni dhambi.

Nilifundisha Kiingereza hapa Ngara miaka thelathini na mmoja. Mwaka 1999, nikiwa nimeshastaafu, jirani yetu Frednand alifungua banda la video hapa Bukiriro, televisheni moja, deki moja na jenereta lililokohoa kunizidi mimi wa leo, na kanda alizipata kwa mzungu wa shirika moja la wakimbizi aliyekuwa anafunga virago. Hazikuwa za ngumi. Zilikuwa za zamani, nyeusi na nyeupe, mfululizo ambao kila kanda ina hadithi yake na watu wake, na jambo moja tu halibadiliki: kuna mtu atakufa, nawe utakaa roho juu mpaka dakika ya mwisho ndipo umjue aliyemuua. Watu waliona picha lakini maneno yaliwapita, hivyo kila Jumapili baada ya misa nilisimama kando ya televisheni na fimbo yangu ya darasani nikawatafsiria, sauti ya mwanamke naigiza, ya askari naigiza, mlango ukigongwa nami nagonga meza, na nakuambia, Bi Yuster, maishani mwangu sijawahi kupendwa vile, hata na marehemu mke wangu, ambaye alikuwa akikaa benchi la mbele.

Sasa sikiliza kanda yenyewe. Mjane anapangisha vyumba, na mpangaji wake ni mzee tajiri. Mpwa wa yule mzee, bwana mwenye masharubu membamba, anakuja kumsalimu mjomba wake na kumletea zawadi ya sukari. Mjane anaandaa chai, wote watatu wanakunywa, mzee anaanguka, amekufa. Dakika tatu za mwisho anaingia askari mkubwa, mjane anaongea mfululizo huku analia, askari anavua kofia, picha inazimika, kanda imekwisha.

Hapo ndipo ilipo dhambi, maana yule mjane aliongea Kiingereza cha puani, cha mbio, kilicholowa machozi, na mimi, mwalimu wa Kiingereza mwenye cheti cha chuo cha ualimu, sikuambulia chochote isipokuwa neno la chai, na watu kama sitini wananitazama mdomoni. Nikainua fimbo nikasema, "Amekiri! Anasema, mimi ndiye niliyemtilia sumu, nilichoshwa na dharau zake!" Banda likalipuka. Mama Esperansia akapiga kelele kutoka nyuma, "Si nilisema! Yule mwanamke ana macho ya sumu!"

Walipotulia alisimama mtu mmoja, Methusela, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, ambaye hakukanyaga darasa hata siku moja, na Kiswahili chenyewe alikiokota mnadani.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Mimi nimeona yule mwenye masharubu akimpakulia mjomba wake sukari vijiko vitatu, na kikombe chake mwenyewe hakukitia hata chembe. Mjane naye hakutia. Halafu askari amevua kofia. Umeona wapi askari akimvulia kofia muuaji?"

"Unajua Kiingereza wewe?"

"Sijui, Mwalimu. Lakini ng'ombe nao hawaniambii kitu, na nikimkuta mmoja ana jeraha namjua aliyempiga pembe."

Bi Yuster, alikuwa amenishika. Nilijua palepale kwamba yuko sahihi, na badala ya kukaa chini nikatoa sauti ya darasani nikasema, "Basi ng'ombe wako wakishakufundisha Kiingereza, njoo unisahihishe." Banda zima likaangua kicheko, watu wakapigana mabega, na Methusela naye akacheka, akakaa.

Tangu siku hiyo jina lake likawa Wakili wa Mjane. Watoto walimwita hivyo, wanawake kisimani walimwita hivyo, na mwaka uliofuata, majina ya wajumbe wa baraza la kata yalipokuwa yakipendekezwa mkutanoni na lake likatajwa, mtu mmoja aliuliza, "Aliyeshindwa kumtambua muuaji anayekiri kwa mdomo wake atamtambuaje mwizi wa mbuzi?" Wakacheka tena, wakachagua mtu mwingine. Huyo mtu mwingine nilikuwa mimi.

Na ni Methusela huyuhuyu ambaye tangu nilale ananiletea maziwa kila Jumapili, anavuka bonde kwa miguu, naye ana miaka themanini, anakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, tunaongea mvua na maharage, na kabla ya kuondoka anauliza swali lilelile, "Mwalimu, yule mjane alisema nini mwishoni, neno kwa neno?" Nami namjibu, "Alikiri, Methusela." Anatikisa kichwa. "Haya. Ila ile kofia inanisumbua."

Wiki tatu zilizopita mjukuu wangu Happy, anayesoma chuo Bukoba na yuko likizo, alinisikia nikisimulia kanda zile, akaingia kwenye simu, akatafuta, akaipata! Ileile! Na chini ya picha maneno yao yanaandikwa wakati wanaongea. Nikavaa miwani. Unajua mjane alikuwa anasema nini? Kwamba yeye na mpwa walikunywa chai ileile bila kutia hata chembe ya sukari, kwamba sukari ililetwa na mpwa, na kwamba Jumamosi ile yeye na yule mzee walikuwa wafunge ndoa. Ndipo askari akavua kofia. Alikuwa anampa pole! Nilicheka mpaka Happy akamwita mama yake.

Na chini kabisa kuna maoni ya watazamaji, zaidi ya mia nane, watu wa nchi zote, na Happy amenisomea yote, siku mbili nzima. Mmoja anasema alimshuku mpwa tangu kijiko cha tatu. Mwingine anauliza ni muuaji gani mpumbavu anayeshindwa hata kujifanya anakoroga. Wawili wamegombana vibaya kuhusu yale masharubu, kama yalikuwa ya kweli au ya gundi, na mmoja amemwambia mwenzake akapimwe macho. Mwanamke fulani ameandika kwamba huitazama kila mwaka siku aliyofiwa na mumewe. Na mmoja, Mungu ambariki, ameandika, "Anayedhani mjane ndiye aliyeua alikuwa amelala." Nimetukanwa na mtu wa ng'ambo asiyenijua, na kwa miaka mingi sijapata tusi lililonifurahisha kama hilo. Lakini katika maoni yote hayo, Bi Yuster, hakuna hata moja linalotaja kofia. Dunia nzima imetazama, na aliyeiona kofia ni Methusela peke yake, kwenye benchi la tatu, Bukiriro.

Sasa nifanyeje? Kwa padri nimeshaungama, alijitahidi asicheke akashindwa. Nikimwambia Methusela sasa atajua kwamba amebebeshwa jina la kejeli miaka ishirini na sita kwa sababu mimi niliona aibu kusema sikusikia, na huenda siku zangu zilizobaki nikazimaliza bila maziwa na bila yeye. Nisipomwambia, nitamdanganya Jumapili hii tena, na ijayo, mpaka nikate roho. Njia ya tatu nimeshaiandaa: nimeandika barua ya kurasa tatu isomwe siku ya mazishi yangu baada ya mahubiri, ina vichekesho vizuri sana, nilimsomea Happy kuijaribu, akacheka na kulia kwa pamoja. Je, hiyo haitoshi? Majina yote nimeyabadilisha, na namba ya Happy iko nyuma ya bahasha.

Mwalimu mstaafu,
Bukiriro, Ngara

YUSTER ANAJIBU

Shikamoo, Mwalimu. Ukishaitikia, egemea mto vizuri, maana nitakugombeza.

Nianze kwa kukupa furaha kidogo. Tulipoisoma barua yako hapa ofisini, kazi ilisimama. Mhariri yuko upande wa Methusela. Dereva wetu anashikilia kwamba mjane na mpwa walishirikiana, na hataki kusikia la mtu. Dada wa mapokezi anataka tu kujua kwa nini mzee wa umri ule apakuliwe vijiko vitatu. Unasimulia vizuri, Mwalimu. Naelewa kwa nini banda lilikuwa likijaa, na ndiyo maana nimekusoma mara mbili, ya pili bila kucheka.

Kutoelewa Kiingereza cha mtu anayelia si dhambi. Hata wenye lugha yao huenda waliomba arudie. Dhambi yako ni ile sentensi ya ng'ombe. Ulijua mtu yule yuko sahihi, umeandika mwenyewe, "palepale," kisha ukachukua kicheko cha watu sitini ukamfunika nacho, mgeni asiye na shule mbele ya mwalimu mwenye fimbo. Mwaka uliofuata ukakalia kiti ambacho kingeweza kuwa chake. Habari ya kiti hicho umeniandikia sentensi moja fupi. Masharubu ya gundi yamepata nafasi kubwa zaidi. Hilo jiulize.

Sasa barua ya mazishi. Hapana. Ichane. Hebu ione siku yenyewe: Methusela amesimama katikati ya waombolezaji, vichekesho vyako vinasomwa, watu wanacheka, wote wanageuka kumtazama, naye hawezi kukujibu, kukugombeza wala kukusamehe, kwa sababu wewe umo ndani ya sanduku, salama. Utakuwa umemsimamisha mara ya tatu mbele ya watu wanaocheka. Kufa huogopi, Mwalimu, nimeona. Unachoogopa ni kuchekwa ukiwa hai.

Kuhusu maziwa, nikupe pole, maana hofu hiyo ni ya kweli, na mgonjwa hana marafiki wa kuchezea. Lakini fikiri. Mtu wa miaka themanini anavuka bonde kila wiki, anakaa kwenye kigoda, anauliza swali moja, anapewa uongo mmoja, anasema haya, na wiki ijayo anarudi. Unadhani hajui? Methusela anakufungulia mlango kila Jumapili, nawe kila Jumapili unaurudishia.

Basi fanya hivi. Usimwite kwako. Huko kwenu kama huku kwetu, mkosaji ndiye anayekwenda. Miguu haikufikishi, sawa, pikipiki zipo: dereva mbele, wewe katikati, Happy nyuma akushikilie kiunoni, mwendo wa kupeleka mayai sokoni. Claudia akipiga kelele, mwambie ni agizo langu, anigombeze mimi. Mkifika, mwonyeshe kanda yote tangu mwanzo. Maneno asome Happy, wewe kaa kimya, hata mlango ukigongwa usigonge kitu. Kisha muulize Methusela kama anataka yabaki kwenu wawili au yasemwe mbele ya watu. Akitaka watu, Frednand aweke mabenchi Jumapili baada ya misa, fimbo ishikwe na Methusela, na wewe uchekwe mpaka waliokuja washibe. Baraza la kata huwezi kumrudishia. Jina unaweza.

Kuhusu majina uliyoyabadilisha: Mwalimu wangu, Bukiriro ina wastaafu wangapi waliotafsiri kanda kwa fimbo ya darasani? Barua hii ikichapwa, kabla ya saa sita mchana Ngara nzima itajua. Kwa hiyo nimeizuia. Jibu hili nimelituma kwenye simu ya Happy leo Jumatatu, na gazeti linakwenda mtamboni Alhamisi jioni. Mpe Methusela namba yangu. Anipigie yeye, siyo wewe. Akisema ndiyo, nitachapa. Akisema hapana, au asipopiga, nitaichoma na tutabaki tukibishana wenyewe hapa ofisini.

Ukifika mlangoni kwake usianze na utani, na wala usianze na ugonjwa wako. Mwambie, "Mimi sikuelewa, wewe ulielewa, nami nilijua." Halafu nyamaza, umwache aseme yake, hata yakiwa marefu.

Nyongeza, Alhamisi mchana: Methusela amepiga simu. Amesema nichape yote nilivyoandikiwa, ila alichomjibu Mwalimu hakihusu gazeti. Nikamuuliza kama mgonjwa amerudi nyumbani salama. Akasema, "Arudi wapi? Pikipiki ilichoka kusubiri, ikaondoka. Bado yuko hapa."